Bwana Stolz wa Kyimbila

Karibu na mji wa Tukuyu, upande wa kusini wa Mlima Rungwe, pana mahali paitwapo Kyimbila. Jina hili lajulikana na wajuzi wa mimea wa nchi nyingi, ijapokuwa wengi wao hawajafika Rungwe hata siku moja. Sababu yake ni kazi ya mtu aliyekufa zamani, Bwana Adolf Stolz.

Stolz alikuwa Mjerumani, naye alizaliwa mwaka wa 1871. Wamoravian walianza kazi yao Rungwe mwaka wa 1891, na baadaye Stolz naye akaja katika nchi ya Wanyakyusa, akakaa Kyimbila akifanya kazi ya misheni na ya biashara. Pamoja na kazi hizo alipenda sana kuchungua mimea. Nchi ile ina mvua nyingi. Mahali pengi hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Kwa hiyo miti ya msituni huvikwa kuvumwani, na juu yake huota maua madogo ambayo mpita njia hayaoni.

Kazi ya kukusanya mimea yataka saburi. Mmea huchumwa pamoja na ua lake na majani yake, hubanwa katikati ya karatasi mpaka ukauke, kisha huandikiwa namba na mahali ulipoota. Tena mkusanyaji mwenye busara hachukui kipande kimoja tu. Huchukua kadhaa za mmea ule ule, akazipa namba moja. Hivyo ndivyo alivyofanya Stolz. Namba zake zilipita 2,000, na vipande vyake vikagawanywa katika nyumba za kuhifadhia mimea huko Ulaya.

Katika mimea hiyo mlikuwa na okidi ndogo mno. Shina lake hutambaa juu ya gome la mti, lina vifundo vilivyofuatana kama shanga, na juu ya vifundo huchipuka majani machache na ua dogo. Mjuzi mmoja wa Berlin, jina lake Rudolf Schlechter, aliichungua sana, akaona kwamba haimo katika jamii yo yote iliyokwisha kupewa jina. Basi mwaka wa 1915 akaipa jamii hiyo jina la Stolzia, kwa heshima ya aliyeikusanya. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1917, Stolz akafa. Siku hizi zajulikana aina zaidi ya 10 za Stolzia katika misitu ya Afrika.

Okidi hii haipandwi kama mahindi. Mbegu zake ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula ndani yake, wala haziwezi kuota pasipo kusaidiwa na kuvu ndogo. Haiunyonyi mti inaoukalia. Hushika gome tu, ikapata maji katika mvua na umande. Ukiibandua na kuipanda katika udongo wa bustani, mizizi yake itaoza. Atakaye kuitunza na ailinde juu ya gome lake, penye kivuli na unyevu. Na msitu ukikatwa, nayo imekwisha.

Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, wakati wa vita, mabomu yaliangukia nyumba ya mimea ya Berlin. Moto ukateketeza sehemu kubwa ya mimea iliyokaushwa, na pamoja nayo okidi za Schlechter. Kama Stolz angalichukua kipande kimoja kimoja tu, kazi yake nyingi ingalikuwa majivu. Lakini vipande vya namba zake nyingi vilikuwa vimekwisha kupelekwa kwingine, kama Kew huko Uingereza, navyo vipo hata leo. Mtu akiokota ua asilolijua katika misitu ya Rungwe, aweza kulilinganisha na lile lililokaushwa Kyimbila zaidi ya miaka mia iliyopita. Kweli, akiba haiozi.