Musab bin Umair: Mwana wa tajiri aliyezikwa kwa sanda pungufu

MIONGONI mwa maswahaba wa Mtume Muhammad (SAW) wamo waliotawala dola, waliofungua miji kwa majeshi na walioacha mali ya kugombaniwa. Musab bin Umair (RA) hakupata hata moja kati ya hayo. Alipouawa katika vita vya Uhud mwaka wa 625 Miladia, kilichopatikana cha kumsitiri kilikuwa shuka moja ya sufu, nayo haikumtosha.

Hata hivyo ndiye aliyeuandaa mji wa Madina kuupokea Uislamu kabla ya Mtume mwenyewe kuhamia huko, na aliuandaa bila kuinua upanga.

Musab alizaliwa Makka katika ukoo wa Abdud-Dar, mojawapo ya koo zenye hadhi katika kabila la Makureshi. Ukoo huo ulishika funguo za Al-Kaaba, na ndio uliokabidhiwa bendera ya kabila kila Makureshi walipotoka kwenda vitani.

Mamake, Khunas binti Malik, alikuwa mwanamke mwenye mali nyingi na msimamo mkali. Alimlea mwanawe kwa raha ambazo vijana wengi wa Makka walizitazama kwa mbali. Musab alivaa nguo laini za bei ghali, akajipaka manukato bora, na miguuni alivaa viatu vya Hadhramaut. Alikuwa mzuri wa sura na mtanashati kupita kiasi.

Kijana wa aina hiyo hakutarajiwa katika nyumba ya Arqam bin Abil-Arqam, ambako wafuasi wachache wa mwanzo walikutana kwa siri kumsikiliza Mtume. Aliingia huko, akasilimu, na kwa muda akaificha imani yake, si kwa kuwaogopa Makureshi tu bali pia kwa kumchelea mamake.

Siri ilifichuka siku Uthman bin Talha alipomwona akiswali. Uthman alikuwa wa ukoo wake mwenyewe, na hakukawia kupeleka habari. Jamaa zake walimkamata Musab na kumfungia nyumbani. (Uthman huyo alisilimu miaka mingi baadaye, na Mtume alipoingia Makka mwaka wa 630 alimrudishia funguo za Al-Kaaba.)

Musab aliponyoka na kujiunga na Waislamu waliovuka Bahari ya Shamu kukimbilia Habasha, mnamo mwaka wa 615, chini ya ulinzi wa mfalme Najashi. Aliporudi Makka hakuwa yule waliyemjua. Mamake alikuwa amemkatia msaada wote, ngozi yake ilikuwa imekakamaa kwa dhiki, na nguo zake zilikuwa kuukuu. Maswahaba waliokumbuka alivyokuwa walimhurumia walipomwona.

Kazi iliyompa Musab nafasi yake katika historia ilianza mwaka wa 621. Wanaume 12 kutoka Yathrib, mji uliokuja kuitwa Madina, walikutana na Mtume katika bonde la Aqaba na kumpa ahadi ya utii. Walihitaji mtu wa kuwafundisha Qurani na ibada, na Mtume akamchagua Musab.

Uzito wa uteuzi huo huonekana mtu akizingatia hali ya Yathrib wakati ule. Makabila mawili ya Kiarabu ya mji huo, Ausi na Khazraji, yalikuwa yametoka kupigana vita vya Buathi miaka michache tu nyuma, na majeraha hayakuwa yamepona. Hata katika swala, mtu wa Ausi hakuridhia kuongozwa na mtu wa Khazraji, wala wa Khazraji kuongozwa na wa Ausi. Ilibidi mgeni huyu wa Makka awe imamu wa wote.

Mwenyeji wake alikuwa Asad bin Zurara, wa kabila la Khazraji. Siku moja wawili hao waliketi katika bustani moja, karibu na kisima, wakizungukwa na watu waliokuja kusikiliza. Habari ziliwafikia Saad bin Muadh na Usaid bin Hudhair, viongozi wa Bani Abdil-Ashhal katika kabila la Ausi. Saad aliona taabu kumkabili Asad mwenyewe, kwa kuwa walikuwa watoto wa mama wawili ndugu. Basi akamtuma Usaid awatimue.

Usaid alifika ameshika mkuki, akawatukana na kuwaamuru waondoke kama walikuwa bado wanazipenda roho zao. Mtu mwingine angejibu kwa ukali, au angetoroka. Musab alimwomba aketi kidogo asikilize: akiyapenda atakayoyasikia ayakubali, na akiyachukia wao wataacha jambo linalomuudhi. Usaid akaona hiyo ni haki. Aliuchoma mkuki wake ardhini, akaketi, na alipoinuka alikuwa Mwislamu.

Kisha Usaid akatumia werevu. Alijua kwamba Saad hangefika pale kwa wito wa kawaida, hivyo akamweleza kuwa kuna watu wanaotaka kumuua Asad, binamu yake. Saad akaondoka kwa hasira na silaha mkononi, akafika bustanini, akawakuta wameketi kwa utulivu. Akatambua kuwa Usaid alitaka tu afike asikie. Musab akampa maneno yale yale aliyompa Usaid, na Saad naye akaketi.

Saad alirudi kwa watu wake na kuwaambia kuwa hatazungumza na yeyote kati yao, mwanamume wala mwanamke, mpaka waamini. Kabla ya usiku kuingia, ukoo mzima ulikuwa umesilimu isipokuwa mtu mmoja, Amru bin Thabit, aliyesita hadi siku ya vita vya Uhud. Siku hiyo alisilimu, akaenda vitani na kufa shahidi kabla ya kuswali hata swala moja.

Msimu wa hija uliofuata, mwaka wa 622, wanaume 73 na wanawake wawili kutoka Yathrib walifika Aqaba kutoa ahadi ya pili. Ahadi hiyo ndiyo iliyofungua njia ya Hijra. Wanahistoria huandika mengi kuhusu usiku huo wa Aqaba. Yafaa pia kukumbuka miezi iliyoutangulia.

Musab alipofika Makka na msafara huo alikwenda kwanza kwa Mtume, ndipo akaenda kwa mamake. Khunas aliudhika, na alitaka kumfungia tena. Mwanawe akamwonya kuwa safari hii hatakubali kushikwa. Mama akalia. Musab akamsihi asilimu, naye akakataa. Waliachana hivyo.

Katika vita vya Badr, mwezi Machi 624, Musab alibeba bendera ya Waislamu. Miongoni mwa mateka wa Makka alikuwa nduguye, Abu Aziz bin Umair. Musab alipompita akiwa anafungwa na mtu wa Ansari, alimhimiza Mwansari huyo akaze kamba, kwa sababu mama wa mateka ana mali na atalipa fidia kubwa. Abu Aziz alistaajabu kusikia hayo kutoka kwa nduguye wa damu. Musab akamjibu kuwa ndugu yake ni yule anayemfunga. Ni kauli ngumu kwa msomaji wa leo. Lakini Abu Aziz huyo huyo ndiye aliyesimulia baadaye jinsi waliomteka walivyompa yeye mkate na wao wenyewe wakala tende.

Mwaka uliofuata, huko Uhud, bendera ya Makureshi ilibebwa na watu wa Abdud-Dar kama ilivyokuwa desturi yao, na walianguka mmoja baada ya mwingine. Upande wa pili bendera ilikuwa mikononi mwa Musab, mwana wa ukoo ule ule. Wapiga mishale wa Kiislamu walipoacha kilima walichoagizwa wasikiache, safu zilivurugika. Ibn Qamia, mpanda farasi wa adui, alimwendea Musab akamkata mkono wa kulia. Alishika bendera kwa wa kushoto, nao ukakatwa. Akaikumbatia kwa mabaki ya mikono hadi alipochomwa mkuki. Ibn Qamia alidhani amemuua Mtume, akatangaza hivyo, na uvumi huo ukazidisha mtafaruku.

Musab alikuwa na umri wa miaka 40 au zaidi kidogo. Mkewe, Hamna binti Jahsh, alipokea kwa subira habari za kifo cha nduguye Abdullah na mjomba wake Hamza. Alipotajiwa Musab, alipiga ukemi.

Wakati wa mazishi, walipomfunika kichwa kwa ile shuka miguu ilibaki wazi, na walipofunika miguu kichwa kilitokeza. Mtume aliamuru kichwa kifunikwe na miguu iwekewe nyasi za idhkhir.

Miaka mingi baadaye, Abdurrahman bin Auf, aliyekuwa tajiri mkubwa, aliletewa chakula siku moja akiwa amefunga. Akamkumbuka Musab, aliyemhesabu kuwa bora kuliko yeye, na sanda yake iliyopungua. Alilia hadi akakiacha chakula.