Romain-Desfossés: mwalimu aliyekataza kuiga

Kijana wa sekondari hapa Kikula akianza kuchora na kutembeza picha ku ordinatere, mara nyingi anaiga paka katuni za mbali. Njo maana leo tunakumbuka Pierre Romain-Desfossés.

Alizaliwa Ufaransa mwaka wa 1887, na mbele ya kufika Katanga alikuwa ofisa wa jeshi. Mwaka wa 1946 alifungua masomo ya kuchora Élisabethville, sasa Lubumbashi. Watu waliyaita Hangar.

Hakuwapa wanafunzi picha za Ulaya za kuiga. Kila mutu alichora yale anayoyajua, kwa mukono wake. Bela, mutumishi wake wa nyumbani, alichora kwa vidole. Pilipili Mulongoy, aliyekuwa anapaka rangi manyumba, alichora ndege, nyoka na samaki. Mwenze Kibwanga alijaza kazi yake mistari midogo-midogo. Picha zao zilifika mpaka Ulaya na Marekani.

Lakini tuseme kweli: ilikuwa wakati wa ukoloni, na muzungu njo aliamua mutu mweusi aone nini na asione nini.

Alikufa mwaka wa 1954. Kiisha Hangar iliingia katika Akademi ya Laurent Moonens, na Pilipili na Mwenze wakafundisha huko wao wenyewe.

Mwalimu, muzazi: ordinatere ni kalamu tu. Mbele ya kumupa mutoto katuni ya kuiga, umuulize anaona nini ku soko na ku njia ya masomo. Aanzie pale.