Utoto wa Joe Louis, Bingwa wa Ngumi

Muhula huu nataka kuwasimulia habari za Joe Louis, Mmarekani mweusi aliyekuwa bingwa wa dunia wa ngumi za uzito wa juu tangu mwaka 1937 hata mwaka 1949. Sifa za makonde yake zimekwisha andikwa na wengi. Mimi nitaeleza zaidi habari za wazazi wake na malezi yake, kwa sababu nimeona humo jambo linalotuhusu sisi sote tunaosomeshwa kwa jasho la wengine.

Jina lake kamili lilikuwa Joseph Louis Barrow. Alizaliwa tarehe 13 Mei 1914, katika nyumba ya mbao shambani, karibu na mji mdogo wa LaFayette, jimbo la Alabama, kusini ya Marekani. Alikuwa mtoto wa saba katika watoto wanane. Baba yake aliitwa Munroe Barrow na mama yake Lillie. Wote wawili walikuwa watoto wa watu waliokuwa watumwa kabla utumwa haujakomeshwa Marekani mwaka 1865. Kwa hiyo bingwa huyu alikuwa mjukuu wa watumwa.

Munroe alikuwa mkulima wa pamba, lakini ardhi aliyoilima haikuwa yake. Desturi ya huko ilikuwa hivi: mwenye ardhi humpa maskini shamba, mbegu na nyumbu wa kulimia, na kumkopesha chakula mpaka mavuno. Pamba ikivunwa, mwenye ardhi huchukua fungu lake, kisha hukata deni lake katika fungu la mkulima. Mara nyingi mkulima alibaki mikono mitupu, au akawa na deni jipya la kuanzia mwaka wa pili. Utumwa ulikuwa umekwisha katika sheria, lakini njaa na deni vilimfunga mtu palepale.

Sisi watu wa Rufiji hatuhitaji kuelezwa sana habari za pamba ya namna hiyo. Wazee wetu walilimishwa pamba na serikali ya Wajerumani kwa nguvu, wakapata malipo kidogo sana, na jambo hilo lilikuwa moja katika sababu za vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 katika milima ya Umatumbi, kusini ya mto wetu. Basi, nilipokuwa nikisoma habari za Munroe Barrow kule Alabama, niliona kama nasoma habari za jirani.

Joe alipokuwa na umri wa miaka miwili hivi, msiba uliwafika. Baba yake aliugua maradhi ya akili, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa namna hiyo, wala hakurudi tena nyumbani. Lillie akabaki na watoto wanane na shamba la watu. Alilima mwenyewe, akapalilia, akavuna, na jioni akarudi kupika na kufua. Watoto wakubwa walifanya kazi pamoja naye. Joe mwenyewe alichelewa kusema, na hata alipoanza kusema alikuwa na kigugumizi, kwa hiyo alizoea kunyamaza. Shuleni alikwenda kidogo tu, maana shule za watoto weusi za huko zilikuwa duni, na kazi za shamba zilikuwa nyingi.

Baada ya miaka michache Lillie aliletewa habari kwamba mumewe amekufa. Aliamini, akaolewa na Pat Brooks, mwanamume aliyefiwa na mkewe, naye alikuwa na watoto wake wengi. Nyumba moja ikajaa watoto wa pande mbili, wakalala wengi katika kitanda kimoja. Bwana Brooks aliwalea watoto wa Lillie kama wake, na Joe alimheshimu kama baba yake mzazi.

Mwaka 1926 jamaa hao waliihama Alabama. Katika miaka ile watu weusi wengi wa kusini walikuwa wakihamia miji ya kaskazini, wakikimbia umaskini na vitisho vya kundi la Wazungu lililoitwa Ku Klux Klan, na kufuata kazi katika viwanda. Akina Brooks walikwenda Detroit, mji wa viwanda vya motokaa, na Bwana Brooks akapata kazi katika kiwanda cha Ford. Joe, mvulana wa miaka 12, alistaajabia taa za umeme na magari ya reli yapitayo barabarani. Lakini shuleni aliona aibu, kwa sababu aliwekwa darasa moja na watoto wadogo kuliko yeye. Baadaye alipelekwa shule ya ufundi, akajifunza useremala wa kutengeneza makabati.

Kisha ikaja ile shida kubwa ya uchumi iliyoanza mwaka 1929. Viwanda vilipunguza watu, Bwana Brooks akakosa kazi, na nyumba ile ikalazimika kupokea fedha za msaada za mji wa Detroit. Joe alifanya vibarua vya kubeba vipande vizito vya barafu na kuvipandisha ghorofani kwa wateja. Inasemekana kazi hiyo ndiyo iliyompa mabega yake mapana.

Katika dhiki hiyo, mama yake aliazimia kwamba mwanawe ajifunze kupiga fidla. Alitaka apate kazi ya heshima, isiyokuwa ya kuvunja mgongo. Kila juma alijinyima, akampa fedha za mwalimu. Joe alizipokea, akatoka na fidla yake mkononi, lakini rafiki yake mmoja alikuwa amekwisha kumwonyesha jumba la michezo la Brewster. Fedha za fidla zikalipia ada ya jumba lile, na mvulana akawa anajifunza ngumi. Husimuliwa kwamba alipoanza kushindana aliliacha jina la Barrow, akajiandikisha Joe Louis tu, ili mama yake asijue.

Hapa naomba niseme jambo langu mwenyewe. Mama yangu yuko Mbwera, katika delta. Husuka ukili na kushona mikeka, na mkeka mmoja humchukua siku nyingi. Mwaka jana alinipa fedha za madaftari. Nilipanda mashua mpaka Nyamisati, nikaja Kibiti, na kabla sijafika shuleni fedha zile zilikuwa zimekwisha kuwa viatu vya mpira. Muhula mzima niliandika masomo matatu katika daftari moja. Kwa hiyo, nilipofika mahali hapa katika habari za Joe, kwanza nilifurahi, nikaona nimepata mtetezi.

Lakini habari zinaendelea. Mwaka 1932 Joe alipigana pambano lake la kwanza la ridhaa, na mpinzani wake, Johnny Miler, alimwangusha mara saba. Malipo yake yalikuwa hati ya kununulia vitu ya dola 7, akaipeleka nyumbani. Bwana Brooks alimshauri aache ngumi afanye kazi, naye akatii, akaenda kiwandani. Siri ilikuwa imekwisha kujulikana. Mama yake, ambaye fedha zake zilikuwa zimeliwa, hakumfukuza wala hakumlaani. Alimwambia kwamba ikiwa hiyo ndiyo kazi aipendayo, basi aifanye kwa bidii zote. Joe akarudi mazoezini, na mwaka 1934 akawa bingwa wa ridhaa wa Marekani. Tarehe 4 Julai mwaka huohuo akaanza ngumi za kulipwa mjini Chicago.

Yaliyofuata nitayapitia upesi. Mwaka 1936 Mjerumani Max Schmeling alimshinda. Tarehe 22 Juni 1937 Joe alimwangusha James Braddock katika raundi ya nane, akawa bingwa wa dunia, na mwaka mmoja baadaye, tarehe ileile, akamshinda Schmeling katika raundi ya kwanza. Aliutetea ubingwa wake mara 25. Alimnunulia mama yake nyumba, na fedha za msaada ambazo mji wa Detroit uliwapa wakati wa dhiki alizirudisha. Uzeeni alisumbuliwa sana na madeni ya kodi, akafariki tarehe 12 Aprili 1981.

Na Munroe Barrow? Habari za kifo chake zilikuwa za uongo. Jina la mwanawe lilipokwisha vuma, ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa hai miaka yote ile, katika hospitali ileile ya Alabama. Alifariki mwishoni mwa mwaka 1938, miezi michache tu baada ya Schmeling kuangushwa. Hakupata kufahamu kwamba bingwa wa dunia alikuwa mtoto aliyemwacha na umri wa miaka miwili.

Jambo hilo ndilo lililonigusa kuliko ushindi wote. Baba hakujua, wala hakuna aliyeweza kumjulisha. Mama alifichwa, lakini alikuwapo, na kweli ilipotoka alipata nafasi ya kuchagua, akachagua kumsaidia mwanawe. Sisi tulio na wazazi wawezao kusikia, tunawaficha kwa faida gani?

Likizo iliyopita nilimweleza mama habari za viatu. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama vinanitosha, akaendelea kushona mkeka wake. Madaftari ya muhula huu nimeyanunua kwa fedha za kibarua cha kuvuna mpunga. Wanafunzi wenzangu, anayependa mpira na acheze, na anayependa ngumi na ajifunze. Lakini amweleze mapema yule anayemlipia, ili siku ya kuanguka mara saba awe na mahali pa kurudi.