Clara Lemlich: Mshonaji aliyesimamisha viwanda vya New York

Clara Lemlich alizaliwa mwaka 1886 katika familia ya Kiyahudi huko Gorodok, Ukraine, wakati huo ikiwa chini ya Dola ya Urusi. Shule ya mji wao haikupokea watoto wa Kiyahudi, na baba yake kwa hasira akapiga marufuku Kirusi nyumbani. Clara alikisoma kwa siri, akipata fedha za vitabu kwa kushona matundu ya vifungo na kuwaandikia barua akina mama wasiojua kusoma.

Baada ya mauaji ya Wayahudi wa Kishinev mwaka 1903, familia ilihamia Marekani. Clara akaajiriwa katika viwanda vya blauzi jijini New York, ambako wengi wa wafanyakazi walikuwa mabinti wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano. Walikatwa ujira hata kwa sindano walizotumia.

Septemba 1909, akiwa katika mgomo wa kiwanda alichofanyia kazi, wahuni wa kukodiwa walimpiga na kumvunja mbavu. Alipopata nafuu alirudi mgomoni.

Novemba 22 mwaka huo, maelfu ya washonaji walikusanyika katika ukumbi wa Cooper Union. Viongozi, akiwemo Samuel Gompers, walizungumza kwa zaidi ya saa mbili wakisisitiza tahadhari. Clara akaomba nafasi, akapanda jukwaani na kutoa hoja ya mgomo wa jumla kwa Kiyidi, lugha ya nyumbani ya wengi waliokuwemo. Hoja ikapita. Zaidi ya wafanyakazi 20,000 waliacha kazi.

Mgomo uliisha Februari 1910, waajiri wengi wakiwa wamekubali kupunguza saa za kazi na kuongeza ujira. Kiwanda cha Triangle kilikataa kuutambua umoja wa wafanyakazi. Machi 25, 1911, kiliungua; watu 146 walikufa, wengi wao mabinti wahamiaji. Mlango mmoja wa ghorofa ya tisa ulikuwa umefungwa kwa ufunguo.

Clara mwenyewe hakupata tena kazi viwandani, kwani waajiri walikwisha kuliweka jina lake kando. Aligeukia harakati za kura kwa wanawake wafanyakazi na, baada ya kuolewa mwaka 1913, aliwaongoza akina mama wa Brooklyn kupinga bei ya nyama na kodi za nyumba.

Alifariki mwaka 1982 akiwa na umri wa miaka 96. Katika makao ya wazee huko Los Angeles alikotunzwa, alikuwa amewasaidia wahudumu kuunda umoja wao.