Lambert: mtoto wa fundi nguo aliyepima mwanga kwa mishumaa

Kila aliyepita maabara ya kemia mwaka wa kwanza anaijua kanuni ya Beer na Lambert, au angalau anajua kuiandika kwenye ripoti. A ni sawa na epsiloni mara c mara l, unapiga mstari, unakusanya. Ukiuliza Lambert ni nani, wengi watakwambia ni mwenzake Beer, jamaa wawili waliokuwa maabara moja na makoti yao meupe. Kumbe Beer alizaliwa 1825, na Lambert alikuwa keshazikwa miaka 48 kabla. Hawakuonana hata siku moja. Na huyu Lambert hakuwahi kuiona spektrofotomita, hakusoma chuo chochote, wala hakuwa na shahada.

Nimeona maisha yake yanafaa kusimuliwa hapa kwa sababu sisi tumezoea kwamba upimaji wa ufyonzaji wa mwanga ni ile mashine moja inayopangiwa foleni. Kikundi cha kwanza kinapata majibu, vikundi vinavyobaki vinadesa. Halafu kwenye mtihani swali linakuja: kwa nini kanuni ina logi? Ukumbi kimya.

Johann Heinrich Lambert alizaliwa Agosti 1728 huko Mulhouse, mji ambao siku hizi uko Ufaransa lakini enzi hizo ulikuwa mji huru wenye ushirika na Waswisi. Baba yake alikuwa fundi nguo, watoto wengi, hela hakuna. Alipofika miaka 12 akatolewa shule ili amsaidie baba yake kushona. Mchana sindano, usiku vitabu. Inasimuliwa kwamba aliuza michoro midogo aliyoichora mwenyewe ili apate hela ya mishumaa ya kusomea. Kwa hiyo kabla hajaufanyia mwanga hesabu yoyote, tayari alikuwa anaujua kwa bei yake. Wanaosoma kwa kuunga unga huku wakisubiri bumu watamwelewa haraka.

Akiwa na miaka 15 alipata ukarani kwenye kiwanda cha chuma huko Seppois, si mbali na kwao. Mwaka 1744 nyota yenye mkia ikatokea angani, ikamvuta akaanza kupiga hesabu za njia yake. Miaka 17 akaenda Basel kuwa katibu wa Iselin, mwanasheria aliyekuwa anahariri gazeti, na huko muda wote wa ziada akaumalizia kwenye hesabu na falsafa. Halafu 1748 ikaja bahati ambayo kwa maoni yangu ndiyo iliyomtengeneza: alichukuliwa na ukoo wa von Salis, mabwana wakubwa wa Chur kwenye milima ya Uswisi, awe mwalimu wa watoto wao nyumbani. Nyumba ile ilikuwa na maktaba nzuri. Kijana akapiga msuli humo kwa miaka minane, na vifaa vya kutazamia nyota alivyovihitaji akavitengeneza kwa mikono yake. Hakuwa na mahali pa kuvinunua hata kama angekuwa na hela.

Kuanzia 1756 alizunguka na wanafunzi wake Göttingen, Utrecht, Paris na kwingineko. Mwaka 1760, akiwa na miaka kama 32, akachapisha huko Augsburg kitabu cha Kilatini kiitwacho Photometria, yaani upimaji wa mwanga. Hapa ndipo inabidi tukae kidogo.

Tatizo lilikuwa hili. Joto lilikuwa na kipimajoto, uzito ulikuwa na mizani, lakini mwanga haukuwa na kipimo chochote isipokuwa jicho, na jicho ni shahidi mbovu. Ukitoka juani ukaingia chumbani unaona giza, baada ya dakika tano unaona vizuri, na chumba ni kilekile. Jicho haliwezi kukwambia taa hii ina nguvu mara ngapi ya ile. Linachoweza, tena vizuri sana, ni kusema kama sehemu mbili nyeupe zilizo jirani zinang'aa sawa au la. Lambert alishikilia hapo. Kila kipimo alikigeuza kuwa swali la sawa au si sawa, halafu namba akaachia umbali uitoe.

Vifaa vyake vilikuwa vya kuhesabika: mishumaa, vioo vichache vya kujitazamia, lenzi, vipande vya kioo cha dirisha, prizimu. Chukua ukuta mweupe na mishumaa miwili, katikati weka ubao ili kila mshumaa uangaze upande wake tu. Sogeza mmoja mpaka pande zote mbili zilingane. Kwa kuwa mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, umbali ukiujua umejua na uwiano wa mwanga.

Sasa weka kipande cha kioo mbele ya mshumaa mmoja. Upande wake unafifia. Tuseme ulikuwa sentimita 100 kutoka ukutani, na ili pande zilingane tena inabidi uusogeze hadi 90. Maana yake kioo kimepitisha mraba wa 0.9, yaani asilimia 81. Ongeza kioo cha pili cha aina ileile: utausogeza hadi 81. Cha tatu: karibu 73. Angalia vizuri namba hizo. Kioo cha pili hakikukata kiasi kilekile cha mwanga, kilikata sehemu ileile ya mwanga uliobaki. Wa kwanza alikula asilimia 19 ya chote, wa pili alikula asilimia 19 ya kilichosazwa, na kadhalika. Kitu kinachopungua kwa kuzidishwa namna hiyo, ukichukua logi yake kinapungua kwa hatua zilizo sawa. Logi ya kwenye kanuni imetoka hapo, wala si mapambo ya mwalimu. (Hosteli mishumaa imekatazwa, najua. Taa mbili ndogo za LED zinazofanana zinafanya kazi hiyohiyo.)

Haki lazima isemwe: Lambert hakuwa wa kwanza. Mfaransa Pierre Bouguer alikuwa ameshaieleza sheria hii mwaka 1729, na Lambert alikisoma kitabu chake. Alichofanya Lambert ni kuivisha hesabu kamili na kuiweka ndani ya elimu nzima ya upimaji wa mwanga. Vitabu vinavyoandika Bouguer, Lambert na Beer kwa pamoja ndivyo vinavyotenda haki, ingawa ni mdomo mrefu. Beer mwenyewe aliingia 1852 alipopima mwanga mwekundu ukipita kwenye vimiminika vyenye rangi, na kwa kazi yake ukolezi wa myeyusho ukaingia kwenye hesabu pamoja na unene.

Mtu akishaelewa kazi ya ukuta ule na mishumaa, kutengeneza kipima ufyonzaji chake mwenyewe si mchezo wa wataalamu tena. Unahitaji kisanduku cha mbao au cha kadibodi ngumu, kipakwe rangi nyeusi isiyong'aa ndani. Upande mmoja taa ya LED na rezista yake, upande wa pili kile kipande kidogo chenye mistari ya nyoka usoni ambacho mafundi redio wanakiita LDR, ambacho ukinzani wake hushuka kikipigwa na mwanga. Katikati kichupa cha kioo chenye kuta zilizonyooka. LDR inaunganishwa na maltimita ya fundi umeme ikiwa upande wa omu. Mfuniko uzibe kabisa, maana mwanga wa nje ukipenya hata kwa tundu la msumari vipimo vyote vinayumba.

Rangi ya taa si ya kuchagua kwa kupendeza. Pamanganeti ni ya zambarau kwa sababu inakula mwanga wa kijani, kwa hiyo LED iwe ya kijani. Ukiweka nyekundu utapata mabadiliko kiduchu na utadhani kifaa kibovu. Anza na kichupa cha maji matupu, subiri namba itulie maana LDR ni nzito kidogo kuzoea, andika ukinzani: huo ndio R0. Kisha tumia kichupa hichohicho kwa myeyusho hafifu wa pamanganeti, halafu mwingine wenye ukolezi mara mbili, na wa tatu, na wa nne, kila mmoja uandike R yake.

Hapa pana jambo tamu. Ukinzani wa LDR haufuati mwanga kwa mstari ulionyooka, na wengine kwa sababu hiyo hukidharau. Lakini kwa sehemu kubwa unafuata kipeo cha mwanga, na kitu kinachofuata kipeo, logi yake inanyooka. Gawanya R kwa R0, chukua logi, chora dhidi ya ukolezi, na mstari unatokea. Hautakupa A ileile ya mashine kubwa, utakupa A iliyozidishwa na namba moja ya hiyo LDR yako. Kwa kutafuta ukolezi wa sampuli usiyoijua hilo halidhuru kitu: unasoma kwenye mstari wako mwenyewe.

Kisanduku hiki kina mipaka yake na isifichwe. LED inatoa mkanda mpana wa mawimbi, betri ikichoka mwanga unashuka katikati ya zoezi, na myeyusho ukikolea sana mstari unapinda. Dawa ya hospitali huwezi kuithibitisha ubora kwa kadibodi. Ila kwa kufundishia, mimi nakipa alama zaidi ya mashine. Mashine imefunikwa, unabonyeza, namba inatoka. Kisanduku unakifungua, unaona taa, unaona kichupa, unaona kinachopokea mwanga, na kikikosea unajua pa kutafuta. Idara ikiwa na visanduku 20 hakuna wa kudesa, kila mtu ana namba zake.

Turudi kwa Lambert. Baada ya Photometria bado hakuwa na kazi ya kudumu. Alijiunga na akademia ya Bavaria akagombana nayo, akahamahama, na 1764 akafika Berlin akitumaini kuingia akademia ya Prussia. Rafiki zake walikuwa na hofu, kwa sababu alivaa ovyo na hakujua kujipendekeza. Inasimuliwa kwamba alipopelekwa mbele ya mfalme Frederick, mishumaa ilizimwa ili mfalme amsikie tu bila kumwona. Mfalme alitaka kujua anajua nini, naye akajibu kwamba anajua yote. Akaulizwa kajifunza kwa nani, akasema kajifunza mwenyewe. Mfalme akaondoka akiamini amekutana na mpumbavu. Usaili ulioharibika kuliko huo sijausikia. Hata hivyo wasomi waliomfahamu hawakuacha kumpigania, na Januari 1765 akateuliwa.

Miaka 12 iliyobaki aliitumia kama mtu anayejua muda hautoshi. Tayari alikuwa amethibitisha kwamba pai haiwezi kuandikwa kama sehemu ya namba mbili kamili, kazi iliyochapishwa 1768. Mwaka 1772 alitoa namna mpya za kuchora dunia kwenye karatasi bapa, na mojawapo marubani wanaitumia kwenye ramani zao mpaka leo. Mwaka huohuo akatoa piramidi ya rangi, akionyesha jinsi rangi chache zikichanganywa kwa vipimo zinavyozaa nyingine nyingi. Alipima unyevu wa hewa pia. Hakuoa. Mfalme mwenyewe alikuja kumheshimu.

Kifua kilimsumbua, na tarehe 25 Septemba 1777 akafa Berlin, miaka 49. Mezani aliacha muswada wa kitabu kuhusu kupima joto, ambao alikuwa ameumaliza muda mfupi kabla. Ulichapishwa 1779.