Alan Turing (1912–1954) na Walezi wa Mashine Nairobi

Alan Mathison Turing alizaliwa tarehe 23 Juni 1912 katika mtaa wa Maida Vale, jijini London. Babaye alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni nchini India, na kwa sababu hiyo Alan na kakaye waliachwa Uingereza mikononi mwa walezi huku wazazi wakienda na kurudi. Katika shule ya Sherborne walimu waliulalamikia mwandiko wake kuliko walivyousifu ubongo wake. Rafiki yake mpenzi, Christopher Morcom, alifariki mwaka 1930, na kifo hicho kilimwachia swali ambalo halikumtoka tena: je, akili yaweza kuwepo nje ya mwili wa binadamu?

Mnamo 1936, akiwa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliandika makala yaliyobadili mkondo wa hisabati. Alibuni mashine ya kinadharia yenye utepe usio na kikomo, inayosoma alama moja baada ya nyingine na kufuata kanuni ilizopewa. Ajabu ni kwamba aliibuni ili kuthibitisha kuwa yapo maswali ambayo hakuna mashine ya namna hiyo inayoweza kuyatatua. Mwanafunzi wa isimu atapendezwa na jambo jingine: zama zile neno kompyuta katika Kiingereza lilimaanisha mtu, yaani karani aliyeajiriwa kukokotoa hesabu. Mashine ya Turing ilikuwa taswira ya karani huyo, kalamu na karatasi mkononi.

Vita vilipozuka mwaka 1939, Turing alijiunga na Bletchley Park, ambako ujumbe wa siri wa Wajerumani ulifumbuliwa. Akitumia msingi uliowekwa na wanahisabati wa Poland, alisanifu mtambo wa kusaka funguo za Enigma. Wengi husimulia habari hii kana kwamba alikuwa peke yake. La hasha! Maelfu ya watu walifanya kazi pale, takriban robo tatu yao wakiwa wanawake, na wengi wa wanawake hao ndio walioiendesha mitambo usiku na mchana. Waliapishwa kunyamaza, wakanyamaza hadi miaka ya 1970. Hata pwani yetu ilihusika: mwaka 1942 kituo cha Waingereza cha kufumbua siri za Wajapani kilihamishiwa Kilindini, Mombasa, katika majengo ya shule ya Allidina Visram.

Mwaka 1950, akiwa Manchester, Turing alichapisha katika jarida la Mind makala yanayorejelewa hadi leo. Alipendekeza mtihani: msaili aulize maswali kwa maandishi, ajibiwe na mtu na mashine asiowaona, kisha aamue yupi ni yupi. Katika makala hayo hayo, ingawa wengi huruka sehemu hii, alishauri kwamba badala ya kuunda akili ya mtu mzima, iundwe mashine iliyo kama mtoto, kisha ifunzwe kwa tuzo na adhabu. Istilahi ya akili bandia hakuitumia; ilizuka mwaka 1955, yeye akiwa kaburini. Miaka miwili kabla ya kifo chake alikuwa ameshtakiwa kwa uhusiano na mwanamume mwenzake, akahiari kudungwa homoni ili asifungwe. Alifariki tarehe 7 Juni 1954 kwa sumu ya sianidi, akiwa na umri wa miaka 41. Serikali ya Uingereza iliomba radhi mwaka 2009, na msamaha ukatolewa mwaka 2013.

Mtoto aliyemwaza Turing amekwisha kuzaliwa, na baadhi ya walezi wake wako Nairobi. Kampuni ya Samasource, iliyoanzishwa mwaka 2008, iliajiri vijana wa Kibera kuchora mipaka kuzunguka magari na watu katika picha, ili mashine ijifunze kuyatambua. Mwishoni mwa mwaka 2021 wafanyakazi wake walianza kuisomea kampuni ya OpenAI maandishi ya ukatili na unajisi na kuyawekea alama, ili mashine ijue ya kuepuka. Jarida la Time lilifichua Januari 2023 kwamba walilipwa kati ya dola 1.32 na 2 kwa saa. Huyu ndiye karani wa 1936, isipokuwa safari hii anamfundisha atakayeichukua nafasi yake.

Tena kuna wahitimu wasio na ajira, wapangaji wa vyumba vya bei nafuu katika mitaa kama Kawangware, ambao walipata riziki kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022, kazi hiyo imepungua. Hatuisifu, kwani ulikuwa udanganyifu. Lakini ililipa kodi. Nao wahadhiri wetu wamegeuka wasaili wa Turing bila kutaka, tena katika hali ngumu zaidi: msaili wake alijua kuwa mmoja ni mashine, ilhali mhadhiri ana rundo la tasnifu na hajui lolote. Katika Kiswahili angalau harufu ya tafsiri humwumbua mwandishi wa bandia, ingawa harufu hiyo inafifia mwaka hadi mwaka.

Wanawake wa Bletchley walisubiri zaidi ya miaka thelathini kabla ya kutajwa. Wafanyakazi wa Nairobi, ambao nao hutia saini mikataba ya usiri, hawakusubiri kiasi hicho: tarehe 1 Mei 2023 zaidi ya 150 kati yao walikutana jijini, wakapiga kura ya kuunda chama chao.