George Washington Carver: Mlipaji wa Deni la Ardhi

George Washington Carver alizaliwa utumwani yapata mwaka wa 1864, karibu na Diamond, jimboni Missouri, Marekani. Angali mchanga, alitekwa nyara pamoja na mamake. Mtoto akarejeshwa, mama hakuonekana tena. Alilelewa na Moses na Susan Carver, waliokuwa mabwana wa mamake.

Kiu ya elimu ilimhangaisha. Chuo kimoja cha Kansas kilimkubali kwa barua, kisha kikamkataa kilipoiona rangi ya ngozi yake. Hakufa moyo. Mwaka wa 1896 alipata shahada ya uzamili katika kilimo huko Iowa, na mwaka uo huo Booker T. Washington akamwita kufundisha Tuskegee, Alabama.

Huko alikuta madeni mawili. Wakulima Weusi, wengi wakilima mashamba ya wenyewe kwa kugawana mavuno, walidaiwa na matajiri na wenye maduka. Ardhi nayo ilikuwa ikidai: pamba, iliyopandwa mwaka nenda mwaka rudi, ilikuwa imefyonza naitrojeni na virutubishi vingine pasi na kuvirudisha. Mbolea ya dukani ilikuwapo, ila kuinunua kulimzamisha maskini zaidi.

Carver alitafuta malipo yaliyo karibu. Alihimiza upanzi wa kunde na karanga, kwani bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake hunasa naitrojeni ya hewani. Alifundisha pia kurutubisha udongo kwa samadi, majani ya msituni na tope la vinamasi. Kuanzia mwaka wa 1906, gari la kukokotwa na wanyama liliyapeleka mafunzo hayo vijijini. Aidha, aliandika vijarida kwa lugha nyepesi; kile cha mwaka wa 1916 kilieleza ukuzaji wa karanga na njia 105 za kuziandaa.

Mwaka wa 1921 alizitetea karanga mbele ya kamati ya Bunge la Marekani, akavuma. Wengi humsifu kwa kuvumbua siagi ya karanga, jambo ambalo si kweli, na sifa hiyo huifunika kazi yake kuu udongoni. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa Tuskegee.

Wahenga walinena kuwa dawa ya deni ni kulipa. Carver alimwonyesha asiye na kitu namna ya kuilipa ardhi, tena kwa lugha aliyoielewa. Hapo ndipo sisi wanalugha tunapohusika.